Mwaka Mmoja, Majimbo Mawili: Kodi ya Mapato kwa Aliyehama

Kodi ya mapato ya jimbo nchini Marekani humshika mtu kwa mambo mawili: mahali anapokaa na mahali alipochumia pesa. Asiyehama huyaona mambo hayo kama kitu kimoja, kwa kuwa anakaa na kufanya kazi palepale. Anayehama katikati ya mwaka ndiye huyaona yakiachana. Ikifika Februari ya mwaka unaofuata, ana karatasi mbili za mshahara kutoka majimbo mawili, na kila jimbo lina fomu yake, kiwango chake, pengine hata siku yake ya mwisho.

Jambo hili linazigusa familia nyingi zenye asili ya Mweso na sehemu nyingine za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo. Machafuko ya 1993 na vita vya 1996 viliwasukuma watu wengi kuvuka mpaka. Kambi ya Gihembe, karibu na Byumba nchini Rwanda, ilifunguliwa mwaka 1997 na kupokea watu wa Masisi na Rutshuru. Wengine walikwenda Nakivale na Kyangwali, Uganda. Baada ya miaka mingi ya kungoja, sehemu yao ilipewa makao mapya Marekani. Katika mwaka wa fedha wa 2016 peke yake waliingia Wakongo zaidi ya 16,000, wengi kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika hawakai tuli. Mkimbizi huchaguliwa mji na shirika linalompokea. Miezi michache baadaye husikia kwa ndugu kwamba kiwanda cha nyama cha Waterloo, Iowa, kinaandika watu bila kudai Kiingereza kingi, au kwamba Louisville, Kentucky, kuna kazi za usiku na kanisa linaloabudu kwa Kiswahili. Anafunga mizigo, na hakuna sheria inayomkataza.

Kwa aliyekulia Kivu ya Kaskazini, habari ya jimbo kuukata mshahara ni ngeni. Kongo, kodi ya mishahara, iliyoitwa IPR kwa miaka mingi, ni ya taifa. Mwajiri huikata na kuipeleka kwa DGI, idara ya kodi ya taifa, na kisheria ngazi zake ni zilezile Goma, Kisangani na Lubumbashi. Mtumishi akihama kutoka Mweso kwenda Kindu, mkato wa mshahara wake haubadiliki kwa sababu ya kuhama. Kilicho cha jimbo ni kitu kingine: kifungu cha 204 cha Katiba ya 2006 kinayapa majimbo kodi ya ardhi na majengo, kodi ya mapato ya pango, na kodi ya magari. Kwa hiyo mwenye nyumba ya kupangisha Goma, hata akihamia Kinshasa, kodi ya pango lake inabaki ya Kivu ya Kaskazini, maana nyumba haikuhama. Hapo Mkongo tayari ameshakutana na nusu ya kanuni ya Marekani: pato hutozwa linakozaliwa.

Vijijini kuna kumbukumbu nyingine, chungu zaidi. Kandokando ya barabara za Mweso, Kalembe na Pinga, makundi yenye silaha yamewahi kuuzia watu jeton, yaani stakabadhi za kodi, za kila mwezi, na karatasi ya kundi moja haikuwa na thamani kwenye kizuizi cha kundi jingine. Aliyeishi hivyo ana haki ya kushuku akiambiwa kwamba majimbo mawili yanamdai kodi ya mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba Marekani kuna sheria ya kuligawa deni. Mwaka 2015, katika kesi ya Comptroller dhidi ya Wynne, Mahakama Kuu iliamua kwamba Maryland ilivunja Katiba kwa kutowapa wakaaji wake nafuu kamili kwa kodi waliyolipa katika majimbo mengine. Ulinzi upo, ila haujitekelezi wenyewe: anayeutaka lazima aujaze kwenye fomu.

Majimbo yenyewe hayafanani hata kidogo. Wisconsin ilianzisha kodi yake ya mapato mwaka 1911, miaka miwili kabla ya badiliko la kumi na sita la Katiba kuipa serikali kuu mamlaka ya kutoza ya kwake, na tangu hapo kila jimbo limekwenda njia yake. Texas, Florida, Tennessee, Nevada, South Dakota, Wyoming, Alaska, Washington na New Hampshire hazitozi mshahara kabisa. Illinois hutoza asilimia 4.95 kwa kila mtu, Pennsylvania 3.07, Iowa 3.8 tangu 2025. Kentucky ilikuwa 4 mwaka 2025 na kushuka hadi 3.5 mwaka 2026. California hupanda kwa ngazi hadi 13.3 kwa matajiri. Mtu anayetoka Dallas kwenda Des Moines huanza kuona mstari mpya kwenye karatasi yake ya malipo, na mara nyingi hudhani ameibiwa.

Aliyehama huitwa mkaaji wa sehemu ya mwaka katika majimbo yote mawili, na tarehe ya kuhama ndiyo kisu kinachoukata mwaka. Siyo tarehe ya kutia nia, wala ya kwenda kwanza kutazama mji. Ni siku ambayo mtu aliacha makao ya zamani na kuyafanya mapya kuwa yake, bila mpango wa kurudi. Kwa kuwa nia haionekani kwa macho, maofisa wa kodi hutazama alama zake: mkataba wa nyumba, bili ya umeme, leseni ya udereva, usajili wa gari, shule ya watoto, siku ya kwanza ya kazi mpya. Majimbo mengi yana kipimo cha pili: anayedumisha nyumba katika jimbo na kukaa humo zaidi ya siku 183 huhesabiwa mkaaji hata kama anasema makao yake ni kwingine. Mwenye mkataba wa nyumba wa Julai 1 na bili ya umeme ya Julai ana ushahidi wa kutosha. Mwenye maneno matupu ana shida. (Kadi ya mpigakura hutajwa mara nyingi kuwa alama ya ukaaji. Haimhusu mkimbizi ambaye bado hajawa raia. Akiulizwa wakati wa kuchukua leseni kama anataka kujiandikisha kupiga kura, jibu ni hapana. Kujiandikisha kimakosa kunaweza kumwondoa nchini.)

Mume na mke wanaweza kuwa na tarehe mbili. Baba hutangulia kazini mwezi wa pili, mama na watoto hungoja shule ifunge mwezi wa sita. Hapo baba amekuwa mkaaji wa jimbo jipya tangu Februari, na mama tangu Juni, ikiwa kweli baba alihamisha makao yake na hakwenda kibarua tu. Majimbo kadhaa huwaruhusu kujaza fomu moja yenye tarehe tofauti; mengine huwaacha wajaze kila mtu yake. Familia zinazojaza tarehe moja kwa wote kwa ajili ya urahisi hulipa zaidi, au kidogo kuliko deni halisi. Kosa hilo huonekana wazi mshahara wa mmoja ukiwa mkubwa.

Karatasi inayobeba habari zote ni W-2, ambayo mwajiri lazima aitoe kabla ya mwisho wa Januari. Sehemu ya chini ndiyo inayohusu majimbo. Kisanduku cha 15 hutaja jimbo, cha 16 mshahara unaohesabiwa kuwa wa jimbo hilo, cha 17 kiasi kilichokatwa. Aliyebadili mwajiri atapata W-2 mbili, na kazi ni rahisi. Taabu huanza kwa aliyehamishwa na kampuni ileile kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine. Ofisi ya mishahara isipoambiwa, huendelea kukata kwa ajili ya jimbo la zamani miezi na miezi. Ndiyo sababu wiki ya kwanza katika jimbo jipya inafaa kutumiwa kujaza upya fomu ya makato ya jimbo na kubadili anwani kazini. Kosa likigunduliwa baadaye, mwajiri huombwa atoe W-2 iliyosahihishwa, ile iitwayo W-2c. Akikataa au akiwa ameshafunga, karatasi za malipo za kila wiki hutumika kuonyesha kipi kilichumwa wapi.

Ikumbukwe kwamba makato siyo kodi yenyewe. Ni malipo ya awali. Jimbo lililokata pesa isiyo yake haliihamishii kwa jirani. Mwenye mshahara huidai huko kwa fomu, na papo hapo hulilipa jimbo linalostahili. Mtu anayesema “mimi nilishakatwa, basi nimemaliza” anaweza kuwa anadai jimbo moja dola 600 na kudaiwa na jingine dola 500, asijue yote mawili.

Kujaza huenda kwa mpangilio. Fomu ya serikali kuu, 1040, hutangulia, maana majimbo mengi huanza hesabu zao kwa namba inayotoka huko. Kwa serikali kuu kuhama hakukati mwaka: mapato yote huingia fomu moja. Kisha hufuata jimbo la zamani, halafu jimbo la sasa. Kentucky ina fomu 740-NP kwa waliokaa sehemu ya mwaka. Indiana ina IT-40PNR. Arizona ina 140PY. New York ina IT-203. Illinois hutumia fomu ya kawaida, IL-1040, na kuongeza jedwali liitwalo Schedule NR. Michigan na Maine nazo hufanya hivyo kwa majedwali yenye jina hilohilo. Texas haina fomu ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, basi aliyetoka huko hujaza jimbo moja tu. Kosa la kawaida ni kuchukua fomu ya mkaaji wa mwaka mzima kwa sababu ndiyo iliyo juu ya rundo, au ndiyo programu ya kompyuta iliyoitoa kabla ya kuulizwa tarehe.

Njia za kuhesabu ni mbili, na ya pili huwashtua watu. Pennsylvania hutazama tu pesa iliyopatikana wakati mtu alipokuwa mkaaji wake, na kuitoza asilimia zake. Iowa huhesabu kwanza kana kwamba mtu aliishi Iowa mwaka mzima, kisha humwondolea sehemu isiyo ya Iowa kupitia fomu IA 126. Tuseme kijana asiyeoa alipata dola 18,000 huko Texas hadi mwisho wa Juni 2025, akahamia Waterloo Julai 1 na kupata dola 22,000 hadi Desemba. Jumla ni 40,000. Ikiondolewa kiasi kisichotozwa cha serikali kuu, 15,750 kwa mtu mmoja, zinabaki 24,250, na asilimia 3.8 yake ni karibu dola 920. Mapato ya Iowa ni asilimia 55 ya jumla, basi deni lake Iowa ni karibu dola 500 kabla ya nafuu nyingine. Pesa ya Texas ilionekana kwenye fomu ya Iowa, lakini haikutozwa. Kuonekana huko ndiko huwafanya wengine waifiche, na wakiificha hesabu inaharibika, kwa sababu Iowa inaiona tayari katika fomu ya serikali kuu. Katika majimbo ya ngazi kama California, pesa iliyochumwa kwingine huweza kukipandisha kiwango inachotozwa ile ya ndani. Inakera, lakini ni halali.

Kwa familia za mshahara mdogo, sababu ya kujaza jimbo mara nyingi siyo deni bali ni pesa ya kupokea. Serikali kuu hutoa nafuu kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, hasa wenye watoto, iitwayo EITC, na majimbo kadhaa huongeza yao juu: Iowa asilimia 15 ya ile ya serikali kuu, Illinois asilimia 20. Mkaaji wa sehemu ya mwaka kwa kawaida hupata sehemu inayolingana na pato lake humo. Washington, isiyo na kodi ya mshahara, ina nafuu yake pia kwa familia za wafanyakazi, lakini hudai mtu awe amekaa humo angalau siku 183 za mwaka. Aliyeingia Agosti hapati. Aliyeingia Mei anapata.

Kuna wanaohama bila kuacha kazi, na mto Ohio ni shule nzuri ya hali hiyo. Mtu anaweza kufanya kazi Louisville, Kentucky, na kuhamia Jeffersonville, upande wa Indiana, kwenye nyumba ya bei nafuu dakika chache kutoka kazini. Kwa kawaida jimbo la kazi hutoza kwanza, kisha jimbo la makao hutoa nafuu kwa kilicholipwa huko. Lakini Kentucky na Indiana zina mapatano: mshahara hutozwa na jimbo la makao tu. Mfanyakazi humpa mwajiri fomu ya kusimamisha makato ya Kentucky. Asipoitoa, na mwaka mzima ukapita, huzidai pesa zake kwa fomu 740-NP-R. Mapatano hayo, hata hivyo, hayagusi kodi ya mji. Louisville hutoza wafanyakazi wanaokaa mjini asilimia 2.2 ya mshahara, na wanaotoka nje asilimia 1.45, na hiyo ya pili itaendelea kukatwa. Upande wa magharibi, Iowa na Illinois zina mapatano kama hayo, basi mtu anayekaa Davenport na kuvuka Mississippi kwenda kazini Moline hutozwa na Iowa peke yake, mradi amempa mwajiri fomu IL-W-5-NR. Siyo majirani wote wenye mapatano, na kudhani yapo ni njia ya haraka ya kupata deni.

Indiana ina desturi yake nyingine: kodi ya kaunti hufuata mahali mtu alipokuwa akikaa Januari 1. Aliyehama kaunti mwezi wa tatu hubaki mlipakodi wa kaunti ya kwanza hadi Desemba. Ohio nayo miji yake mingi hutoza mapato. Columbus na Dayton, zenye Wakongo wengi, hutoza asilimia 2.5.

Madereva wa malori hudhani ndio wenye hesabu ngumu kuliko wote, kwa kuwa hupita majimbo kumi kwa wiki. Kwa kweli yao ni nyepesi. Sheria ya serikali kuu hukataza jimbo lolote isipokuwa la makao kutoza mshahara wa dereva anayesafirisha mizigo kati ya majimbo kwa kazi yake ya kawaida. Akihama makao, mwaka hukatwa kwa tarehe kama kwa mtu mwingine. Anayebeba abiria kwa gari lake, au kupeleka chakula, hana kinga hiyo. Yeye hulipwa kwa 1099 badala ya W-2, hakuna aliyemkatia chochote, na pato lake hutozwa kazi inapofanyika.

Mambo mawili huulizwa kila msimu. La kwanza ni gharama za kuhama: lori, mafuta, amana ya nyumba. Tangu 2018 serikali kuu haikubali ziondolewe kwenye mapato ila kwa wanajeshi na wachache wengine, ingawa baadhi ya majimbo bado huzikubali. La pili ni pesa inayotumwa nyumbani. Mama aliyeko Mweso, ada za wadogo walioko Goma, matibabu ya mjomba: hakuna hata dola moja ya hizo inayopunguza kodi ya mtumaji. Mtegemezi anayekubaliwa lazima awe raia wa Marekani, au mkaaji wa Marekani, Kanada au Mexico. Anayejaza fomu za watu na kuahidi kuwaingiza watoto walioko Masisi anawatia hatarini, kwa sababu sahihi iliyo chini ya fomu ni ya mlipakodi.

Kwa sheria, mjazaji anayelipwa lazima naye atie sahihi na namba yake ya utambulisho, PTIN. Asiyetaka kusaini aachwe. Vituo vya VITA, vinavyosimamiwa na IRS, idara ya kodi ya serikali kuu, tangu 1969, hujaza bure kwa wenye kipato cha chini na cha kati. Ni busara kuuliza kabla ya kwenda kama vinajaza majimbo mawili, maana si vyote vinavyokubali, na kufika na W-2 zote, mikataba ya nyumba zote mbili, na tarehe za kila mtu wa familia.

Siku ya mwisho kwa serikali kuu na majimbo mengi ni Aprili 15. Iowa hungoja hadi Aprili 30. Muda wa nyongeza unaoombwa kwa fomu 4868 hufika Oktoba 15, lakini ni wa kujaza tu, siyo wa kulipa. Deni huanza kuzaa riba Aprili. Barua za kodi hupelekwa kwenye anwani ya mwisho inayojulikana, na kisheria huhesabiwa zimefika hata kama mwenyewe alishaondoka. Mkimbizi anajua kuwaarifu maofisa wa uhamiaji kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10 za kuhama. Taarifa hiyo haiwafikii IRS. Wao wanataka 8822, na kila idara ya kodi ya jimbo inataka yake.

Aliyekosea miaka iliyopita anaweza kurekebisha kwa 1040-X na fomu ya marekebisho ya kila jimbo. Pesa za kurudishiwa kutoka serikali kuu hudaiwa ndani ya miaka mitatu, na majimbo mengi yana muda unaokaribia huo. Aliye na deni na hawezi kulilipa mara moja huruhusiwa kuomba mpango wa kulipa kidogokidogo, na karatasi ya mpango huo inastahili kutunzwa. N-400, fomu ya kuomba uraia, ambayo mkimbizi huijaza baada ya miaka mitano, huuliza kama mwombaji ana deni la kodi lililopita muda wake kwa serikali kuu, kwa jimbo au kwa mji.